Mtiki haujaoza, kilichooza kiko chini yake

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mwaka jana nilinunua boti ya faiba ya futi 36, ya injini, iliyojengwa Taiwan mwaka 1981. Naiegesha hapa Mwanza na wikiendi napeleka wageni kutembea ziwani. Sitaha yake imetandikwa mbao za mtiki. Tangu masika yaanze inavuja: maji ya rangi ya chai yanadondokea kitanda cha kabini ya mbele, na kwenye njia ya pembeni, upande wa kushoto, nikikanyaga panabonyea. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kwenye mistari yote myeusi kati ya mbao. Ikatulia wiki mbili, ikarudi. Wa pili ni fundi mitumbwi wa siku nyingi. Anasema mbao zimekauka, nizimwagie maji kila asubuhi zivimbe, zizibe zenyewe. Nimefanya hivyo mwezi mzima. Wa tatu anataka kutoboa matundu, asukume epoksi, ile gundi ya kuchanganya, ndani kwa sindano, halafu afunike mtiki wote kwa faiba. Nani yuko sahihi? Na je, ni lazima niung'oe mtiki? Ndicho kitu kizuri kuliko vyote kwenye boti hii."*

Kabla ya yote, acha kuimwagia maji. Usisubiri hata umalize kusoma jibu hili.

Unauliza nani kati ya mafundi watatu yuko sahihi, lakini nahisi hofu yako ni kwamba umeuziwa boti mfu. Kwa dalili ulizozitaja, boti hiyo inatengenezeka. Kazi yake ni kubwa, ina vumbi jingi na haitaisha kwa wikiendi mbili, ila si chombo cha kutupa. Kinachoweza kuiua ni ukarabati wa haraka unaofungia maji ndani, na mafundi wako, kila mmoja kwa njia yake, wanakupeleka huko huko.

Naanza na fundi mitumbwi kwa sababu simdharau. Kwenye mtumbwi wa mbao anachosema ni kweli kabisa. Ubao wa mtumbwi ndio ukuta wa chombo. Ukilowa unavimba, unaibana pamba ya kalafati, maji yanakoma. Ndiyo maana mtumbwi uliokaa juani muda mrefu pale Kirumba au Igombe huvuja ukishushwa majini, kisha hutulia. Sitaha yako haikujengwa hivyo. Mbao za mtiki, ambazo zilipokuwa mpya huenda zilikuwa na unene wa milimita 12 hivi, zimetandikwa tu juu ya faiba, na kinachotakiwa kuzuia maji ni hiyo faiba. Sasa tatizo ni hili: boti nyingi za Taiwan za miaka ya 1970 na 1980 zilifungiwa mtiki kwa skrubu zilizopenya faiba yenyewe. Boti ya ukubwa wako inaweza kuwa na skrubu zaidi ya elfu moja juu ya sitaha, na kila skrubu ina tundu lake. Mbao zivimbe zisivimbe, tundu lile halizibiki. Ulichokuwa unafanya kila asubuhi ni kulinywesha.

Watu husema mtiki hauozi, na kwa sehemu kubwa wana haki. Una mafuta yake ya asili na unavumilia maji kuliko mbao nyingi. Lakini kinachobonyea mguuni pako si mtiki. Sitaha ya faiba ya boti kama yako ina tabaka jembamba la faiba juu, tabaka jingine chini, na katikati kiini chepesi, ambacho kwa boti za aina yako mara nyingi ni vipande vya plaiwudi, na kwa boti nyingine ni balsa, mbao nyepesi sana. Fikiria kadi ya boksi: karatasi mbili laini zimeshikiliwa mbalimbali na ile ya mawimbi iliyo katikati. Ikiwa kavu unaweza kuikalia. Ikilowa katikati, karatasi zile mbili hazina nguvu tena ingawa hazijachanika. Ugumu wa sitaha unatokana na umbali kati ya tabaka mbili na jinsi zilivyoshikana na kiini. Kiini kikilainika, tabaka la juu linabaki kubeba uzito wako peke yake, na halikutengenezwa kwa hilo.

Mambo huenda hivi. Mpira mweusi ulio kati ya mbao, baada ya jua la miongo minne, huachia upande mmoja. Ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba hauuoni mpaka uingize kucha. Maji yanaingia, yanakaa kati ya mtiki na faiba, hayakauki kwa sababu juu pamefunikwa. Yanatafuta skrubu, yanateremka kwa uzi wake mpaka kwenye kiini, na plaiwudi inayafyonza kufuata nyuzi zake. Kiini kikishiba ndipo yanapotokeza ndani, pengine mbali sana na mahali yalipoingilia. Kwa hiyo usimwamini sana yule anayepanda juu ya kitanda chako, akapima kwa jicho na kusema, "Hapa ndipo panapovuja." Panadondokea hapo tu. Na ile rangi ya chai inaonyesha kwamba maji hayo yamelala ndani ya mbao kwa muda kabla ya kukufikia.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo vitabu vya mabaharia wa bahari kuu havilitilii mkazo, maana haliwahusu mabaharia hao. Wao huosha sitaha za mtiki kwa maji ya bahari, na chumvi inayobaki huwadhoofisha kuvu wanaoozesha mbao. Ziwa letu ni maji matamu, mvua ni maji matamu, na maji ya kupigia deki ni yale yale. Kuvu hawa hawawezi kuota kwenye mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20, na wanastawi mbao ikiwa imelowa huku joto likiwa kwenye nyuzi 24 hadi 32. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya Mwanza mchana, karibu mwaka mzima. Ushauri wa Zanzibar au wa Tanga ukiuleta hapa bila kuupima, unaweza kukugharimu.

Silikoni sitaisemea sana. Imejaa kila duka la vifaa vya ujenzi na inafaa bafuni. Kwenye mtiki inaachia mapema, na ubaya wake mkubwa ni utando unaobaki: rangi haishiki juu yake, epoksi haishiki, hata mpira sahihi wa sitaha haushiki. Itabidi ikwanguliwe yote na kupigwa msasa kabla ya kazi nyingine yoyote.

Sindano ya epoksi ndiyo inayowavutia wengi, kwa sababu inaonekana ya kisasa na haivunji kitu. Epoksi haishiki mbao iliyolowa. Ukiisukuma kwenye kiini chenye maji, inajaza uwazi uliopo karibu na tundu, inaganda, na kuyaacha maji pembeni yakiendelea na kazi yao. Plaiwudi iliyofungiwa kati ya tabaka mbili za faiba haikauki kwa kupitia matundu machache, hata uwashe feni usiku kucha. Sindano ina mahali pake: pale faiba ilipoachana na kiini ambacho bado ni kikavu na kizima, uwazi mdogo, ukahakikisha kwa kutoboa. Kwako, panapobonyea na maji yanadondoka, si mahali pake. Na kuufunika mtiki kwa faiba ni kujenga juu ya kitu kinachocheza. Mtiki una mafuta, unavimba na kunywea na majira, na chini yake kuna maji. Faiba hiyo itainuka, na siku ya kuitoa utalipa mara mbili.

Basi ufanye nini? Anza kwa kuchora ramani ya uozo, na hii unaweza kuifanya mwenyewe. Chukua chaki na sarafu ya shilingi 200. Gonga sitaha kila baada ya sentimita kumi hivi, usikilize. Palipo pazima hutoa mlio mkali na mfupi. Palipokufa hutoa sauti butu, kama haitoki kabisa. Tahadhari: juu ya mtiki sauti hudanganya, kwa sababu ubao ulioachia skrubu zake nao hulia butu hata kama kiini ni kizima. Kwa hiyo rudia kwa kugonga kutokea ndani ya kabini, ukibandua vibao vya dari pale vinapobanduka.

Kisha toboa. Toboa kutokea chini, kutoka ndani, usije ukaongeza tundu la mvua. Tumia biti ya milimita 5, uizungushie utepe uwe alama ya kina, ili upite tabaka la chini na kiini na kukomea kabla ya tabaka la juu. Weka karatasi nyeupe chini ya drili uyaangalie mabaki yanayotoka. Unga mkavu wa rangi ya ubao unaopeperuka ukiupuliza maana yake ni pazima. Mabaki yenye rangi ya kahawa, yanayoganda ukiyabana kwa vidole na kutoa harufu ya uyoga, hapo kiini kimekwisha. Katikati ya hali hizo kuna iliyolowa lakini bado ina nyuzi ngumu, na hiyo ndiyo ya kukuokolea pesa, kwa sababu inaweza kukaushwa ikifunguliwa. Mahali pengine ukitoa biti maji yatakufuata mpaka kwenye kiwiko. Andika kila tundu kwenye mchoro wako, tumia penseli ya rangi, na usiache mpaka ufike kwenye unga mkavu pande zote. Bila mchoro huo, bei yoyote utakayopewa na fundi ni ya kubahatisha.

Kama ramani itaonyesha kipande kimoja tu kibovu, tuseme ile njia ya kushoto, na kwingine kote ni unga mkavu, unaweza kutibu hapo na kuuacha mtiki mahali pengine kwa miaka michache, mradi unene wake unaruhusu. Angalia vile vizibo vidogo vya mviringo vinavyofunika skrubu. Vikianza kuchomoka vyenyewe na vichwa vya skrubu kuonekana, mtiki umeliwa, aghalabu kwa kusuguliwa na brashi ngumu kufuata nyuzi au kuoshwa kwa mashine ya presha. Ubao uliobaki milimita 6 hauna tena mahali pa kuficha skrubu. Lakini kama matundu yenye kahawa yametapakaa omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, na mimi kwa boti ya 1981 iliyovuja mpaka kitandani natarajia hivyo zaidi, basi mtiki wote uondoke. Najua hilo si jibu ulilotaka.

Kuna wanaobadilisha kiini kutokea chini ili kuinusuru sura ya juu. Kinadharia inawezekana. Kiutendaji ni kulala chali ukipaka gundi inayokudondokea usoni, ukipambana na uzito wa vitu vinavyotaka kuanguka, na mwisho skrubu zote elfu moja bado zipo pale pale juu. Mimi siipendekezi isipokuwa kwenye kipande kidogo chini ya mtiki ulio mzima kabisa.

Kutokea juu kazi huenda hivi. Mtiki unang'olewa, faiba inasafishwa, halafu tabaka la juu linakatwa kwa grenda yenye diski nyembamba, kina cha tabaka hilo tu, kipande kwa kipande. Usifungue sitaha nzima kwa mara moja; sitaha ndiyo inayoshikilia mbavu mbili za boti zisipanuke, na boti iliyopandishwa nchi kavu bila kusimikwa vizuri inaweza kubadilika umbo. Kipande cha kama mita moja, ukimalize, uhamie kingine. Kiini kibovu kinakwanguliwa chote mpaka ufikie mbao ngumu, kavu. Kupima ukavu si lazima uwe na kifaa: bandika nailoni angavu kwa utepe pande zote, iache mchana mmoja juani. Ikipata matone kwa ndani, bado.

Kiini kipya kinaweza kuwa povu gumu lisilofyonza maji, balsa au plaiwudi ya baharini. Povu ningelipenda zaidi, ila kulipata kunahitaji kuagiza. Ukitumia plaiwudi, iwe ile halisi ya gundi isiyolowa, si ya kabati, na uikate miraba ya sentimita 10 hadi 15, ukiacha mianya midogo ya kujazwa epoksi katikati. Siku maji yakipata njia tena, yatakomea kwenye mraba mmoja. Paka epoksi tupu pande zote mbili zinazokutana, kisha epoksi iliyokorezwa kwa unga wa silika, uisambaze kwa mwiko wenye meno ule wa mafundi wa vigae, ulaze vipande, funika nailoni na ukandamize kwa mifuko ya mchanga. Tabaka la juu la zamani, lenye matundu ya skrubu kila baada ya sentimita chache, kwa maoni yangu halistahili kurudishwa. Jenga jipya kwa kitambaa cha faiba. Kingo za kuungia na faiba ya zamani zichongwe mteremko wa 12 kwa 1: faiba ya milimita 4 inahitaji mteremko wa karibu sentimita 5. Fundi wengi huuchonga mfupi kwa haraka, na ufa hurudi hapo hapo.

Polyesta, gundi nyingine ya kugandishia faiba, ndiyo inayozoeleka kwa mafundi wengi wa faiba, na inajenga boti mpya vizuri. Kuunganisha na faiba ya zamani na mbao, epoksi inashika vizuri zaidi, na hapa nisingebana matumizi. Ila usiitumie na yale matandiko ya nyuzi fupi zilizotawanyika: mengi yanashikwa na gundi ambayo huyeyuka kwenye polyesta, haiyeyuki kwenye epoksi. Tumia kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Joto letu nalo linataka hesabu. Epoksi iliyochanganywa kwenye kikopo kirefu huchemka yenyewe na kutoa moshi kabla hujageuka. Changanya kidogo kidogo, imwage kwenye trei pana, na dukani uombe hadina (dawa ya kuigandisha) ya taratibu. Na kupaka kwenye mbao tupu kufanyike alasiri jua likipungua. Ukipaka asubuhi, hewa iliyo ndani ya mbao itapanuka kadiri joto linavyopanda na kukuachia malengelenge.

Kila kitu kinachofungwa kwa bolti kwenye sitaha, yaani nguzo za reli, vyuma vya kufungia kamba na winchi ya nanga, kiwe na tundu lililotibiwa. Kwa bolti ya milimita 8, toboa 14, ziba chini kwa utepe, jaza epoksi iliyokorezwa, ikikauka toboa tena 8 katikati yake. Bolti inapita kwenye epoksi, kiini hakioni maji hata lakiri ya kuzibia ikichoka.

Kuhusu kuurudisha mtiki: mitiki tunayo nchini, mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro yanajulikana, kwa hiyo mbao si shida. Ukitaka kabisa, zibandikwe kwa gundi bila skrubu, zifutwe asetoni kabla ya kugandishwa, na chini ya kila mfereji wa mpira uwekwe utepe usioshika ili mpira ushike mbao mbili za pembeni tu na uweze kunyumbulika. Mvule nao unafaa, lakini vumbi lake linachokoza pua na kifua. Boti ingekuwa yangu, ningepaka rangi nyeupe isiyo kali yenye mchanga wa kuzuia kuteleza na kuishia hapo. Ni nyepesi, inaonyesha ufa siku unapotokea, na wageni wako hawataungua nyayo saa nane mchana. Mtiki kidogo kwenye ngazi na viti utatosha kwa picha.

Usalama wa fundi hautaki mjadala: barakoa ya kichujio, miwani, mikono mirefu. Epoksi mbichi ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, usitumie thina. Anayezoea kuishika bila glavu huweza kupata mzio usiomtoka tena. Kwa anayetumia polyesta, hadina yake ikiingia jichoni inaweza kupofusha, na isichanganywe kamwe moja kwa moja na kichapuzi cha kobalti, hulipuka.

Kuna mahali ambapo jibu la maandishi halitoshi. Ikiwa nguzo za reli zinatikisika, au uozo umefika chini ya winchi, au kuta za kabini zinapokutana na sitaha pana nyufa, mwite fundi wa boti za faiba aone kwa macho kabla hujakata kitu. Na kwa kuwa unabeba watu kwa malipo, mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, anatakiwa kujua unafungua sehemu ya kubeba uzito wa chombo. Mwonyeshe ule mchoro, na mwombe aje sitaha ikiwa wazi, maana ikishafunikwa hawezi kuona kitu.

Kwa sasa, wakati mvua bado zipo, tandika turubai lenye mteremko kutoka omo mpaka nyuma ya kabini boti ikiwa imeegeshwa, liwe na nafasi ya upepo chini yake, na wageni wasipite upande wa kushoto. Panga kuipandisha nchi kavu Juni na kumaliza kabla ya vuli kuanza Oktoba. Povu, epoksi na kitambaa viagize mapema. Ukishatoboa, nitumie ramani pamoja na picha za mabaki ya drili juu ya karatasi nyeupe, nikuambie kama kiini cha mbele kinaokoleka.